Kijiti Kipya cha Runinga: Nani Aliamua?



Mwezi uliopita, baada ya sala ya jumuiya ndogo huku Langas, mume na mke walibaki nyuma wenzao walipokuwa wakirudisha viti kwa jirani. Nimewajua kwa miaka mingi. Wameniruhusu nieleze habari yao hapa mradi nisiwataje majina, nami nimeona yafaa, kwa sababu naamini wengi wenu mtajiona ndani yake.

Mke ndiye aliyeanza. "Katekista," alisema, "mimi sina ugomvi na kile kijiti. Ugomvi wangu ni kwamba nimekikuta."

Kijiti alichokitaja ni kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI nyuma ya runinga, kikaleta filamu, mechi na nyimbo kwa njia ya intaneti. Nyumba hii ilikuwa nacho kimoja tangu 2017. Mume, ambaye ni dereva wa lori la kwenda Malaba na kurudi, alikiona kipya katika duka moja hapa mjini, cha picha za 4K. Akatoa shilingi 8,500, akakifunga siku ambayo mkewe alikuwa sokoni akiuza mitumba. Cha zamani akampelekea nduguye Moiben. Jioni mke alirudi, akawasha runinga ili aone habari, akapokewa na uso asioujua.

"Pesa hizo ni marupurupu yangu ya safari," mume akajitetea. "Karo imelipwa. Unga upo. Cha zamani kilikuwa kinakwama-kwama. Sijanywa pombe, sijaweka mwanamke mjini. Kosa langu ni lipi?"

Walitaka niamue. Sikuamua usiku ule, na nakiri kwamba nilikawia kupata usingizi.

Swali la kwanza ambalo mtu hujiuliza katika jambo kama hili ni rahisi kulitamka: Je, ni halali kukiacha kitu kinachofanya kazi na kununua kingine, kwa kuwa tu hicho kingine ni kipya? Wazee wetu wangejibu upesi. Jembe likilegea mpini, unachonga mpini mwingine. Sufuria ikitoboka, unaipeleka kwa fundi aizibe. Atupaye kizima ni mtu asiyejua shida. Jibu hilo ni zuri, nami nililelewa nalo. Lakini naliona halitoshi kwa vitu vya siku hizi, na nitawaeleza kwa nini.

Miaka ya tisini, kijijini kwetu upande wa Turbo, runinga ilikuwa katika nyumba moja tu. Ilikuwa Great Wall ndogo, isiyo na rangi, iliyotumia betri ya gari, na betri yenyewe ilipelekwa kuchajiwa kwenye kinu cha kusaga unga. Jioni ya Vitimbi au Vioja Mahakamani tulijaa humo hadi mlangoni. Kijana mmoja alisimama nje akizungusha mti wa aerial, na ndani tukipaza sauti, "Bado! Bado! Hapo hapo!" Mwenye nyumba alipopata runinga ya rangi, hakuna aliyesema ametenda dhambi. Tuliongeza vigoda. Kwa hiyo upya peke yake haujawahi kuwa kosa.

Kisha ikaja 2015. Mtakumbuka kwamba nchi nyingi zilikuwa zimekubaliana huko Geneva mwaka 2006 kuachana na mitambo ya analogi, na tarehe ya mwisho ilikuwa 17 Juni 2015. Kenya ilikuwa imeanza matangazo ya dijitali tangu Desemba 2009, ila sisi wa kawaida hatukujali mpaka tulipozimiwa. Vituo vikubwa vya Citizen, NTV na KTN vikatoweka hewani karibu wiki 3, kati ya Februari na Machi, huku wakubwa wakivutana. Hapo kila nyumba ilitafuta dekoda. Je, runinga zetu zilikuwa zimeharibika? Hata kidogo. Zilikuwa nzima kabisa, ila ule wimbi uliozilisha ulikuwa umekatwa. Hakuna mume aliyelaumiwa na mkewe kwa kununua dekoda mwaka ule. Tulilazimika.

Sasa, hivi vijiti viko mahali fulani katikati, kati ya ile runinga ya rangi na ile dekoda ya lazima. Jembe huchakaa mkononi mwako, nawe unaliona. Kijiti huchakaa kutoka mbali. Chenyewe hakibadiliki, lakini programu zinazopita ndani yake zinaongezewa uzito kila mwaka, mpaka kinaanza kuhema kama punda aliyebebeshwa magunia ya watu wawili. Baada ya muda aliyekitengeneza anaacha kukitunza. Google walianza kuuza Chromecast mwaka 2013, na Agosti 2024 wakatangaza kwamba hawataitengeneza tena. Machi 2025, vile vya toleo la pili, vilivyotoka 2015, viligoma kwa siku kadhaa dunia nzima kwa sababu hati ya usalama iliyowekwa ndani yake ilikuwa imefikisha miaka yake 10 na kwisha muda. Watu waliamka wakakuta kifaa kizima hakifanyi kazi, bila kuanguka, bila kuingia maji. Baadaye kilirekebishwa kutoka huko huko mbali.

Kwa hiyo mume anaposema, "Kilikuwa kinakwama," msimcheke. Huenda anasema kweli. Na mke anaposema, "Kilikuwa bado kinafanya kazi," naye huenda anasema kweli. Ndiyo maana nasema swali hilo la kwanza halitatusaidia sana. Watu wawili wanaweza kuligombania mpaka alfajiri na wote wawe sahihi.

Hata hivyo, kabla ya kuliacha, kuna ukweli mdogo ambao kila nyumba yapasa kuutafuta kabla ya kutoa pesa. Nilimwuliza yule baba, "Runinga yenu ni inchi ngapi?" Akasema 32. Nikamwambia aende akatazame kwenye karatasi iliyokuja nayo. Runinga nyingi za inchi 32 zina mistari 768 tu ya picha. Picha ya 4K ina mistari 2,160. Ukichomeka kijiti cha 4K kwenye runinga ya namna hiyo, utapata picha ile ile ya jana. Pengine kijiti kitafunguka upesi zaidi, na hiyo ni faida, lakini ile 4K iliyokupandishia bei haitaonekana kamwe. Kisha kuna intaneti. Netflix wenyewe wanasema saa 1 ya picha ya kawaida hutumia kama GB 1, ya HD hufika GB 3, na ya 4K hufika GB 7. Mwenye intaneti ya waya hataona shida, lakini anayenunua bando kwa simu atalia. Mara nyingi kinachokwama si kijiti, ni intaneti yenyewe, na kununua kijiti kipya hapo ni kama kubadilisha kikombe kwa sababu mto umekauka.

Baba yule alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Muuzaji hakuniambia hayo." Nikamjibu kwamba kazi ya muuzaji ni kuuza.

Tukija kwenye neno lake kubwa, "Pesa ni zangu," hapa naomba msomaji uvumilie, kwa maana nimeona wanaume kwa wanawake wakiumizwa na neno hili pande zote mbili. Wako watakaosema kwamba katika ndoa hakuna changu wala chako, hivyo kila senti iombewe ruhusa. Mimi siamini hivyo. Mke ambaye hana budi kuomba pesa za kitana, au mume anayepekuliwa mifuko kwa ajili ya chupa ya soda, hao hawajawa mwili mmoja; mmoja wao amekuwa karani na mwingine mkopaji. Mtu mzima anahitaji kipato kidogo ambacho hakitolewi hesabu. Shilingi 8,500 kwa dereva aliyelala barabarani siku 20 za mwezi si jambo la kumwitia baraza.

Lakini angalieni kitu alichonunua. Angenunua viatu, vingekaa miguuni mwake. Angenunua redio ya lori, ingemwimbia yeye na utingo wake. Alichonunua kimekaa sebuleni, na kinaamua jinsi watu wanne watakavyotumia jioni zao kwa miaka mitano ijayo. Ndiyo maana nadhani tunakosea tunapopima jambo hili kwa ukubwa wa pesa. Kipimo kifaacho ni mahali ambapo kitu kitakaa na maisha ya nani yatabadilika. Kitanda cha shilingi elfu mbili ni cha kuamua wawili. Viatu vya elfu sita vinaweza kuwa vya mmoja.

Msidhani nimemaliza na mume peke yake. Nilimwuliza mama, mbele ya mumewe, "Angekuambia kabla, ungesemaje?" Alifikiri, na kwa unyofu wake akajibu, "Ningekataa." Nikamwuliza, kwa sababu gani? Akasema viti vya sebuleni vimechanika, na amekuwa akitoa pesa za chama polepole ili avibadilishe. Mume akageuka akamtazama. Hilo la chama hakuwa akilijua.

Basi mnaona. Mume alificha kijiti kwa sababu alijua kitakataliwa, na mke alificha viti kwa sababu alijua vitaitwa anasa. Kila mmoja alikuwa ameshasikia jibu la mwenzake kabla hajauliza swali, na jibu hilo alilisikia kichwani mwake tu. Naliona jambo hili katika nyumba nyingi za wema, zisizo na ulevi wala kipigo. Usiri wao si wa uovu. Ni wa uchovu wa kukataliwa. Lakini usiri wa uchovu nao hufanya kazi ile ile: unamtoa mwenzako katika nafasi yake ya mshauri, unamweka katika nafasi ya mtu wa kukwepwa, kama askari wa trafiki.

Baada ya hapo ndipo lilipotoka lile lililokuwa chini kabisa. Mume huwa nyumbani usiku 2 kwa juma, Jumanne na Jumamosi. "Usiku wangu 2," alisema, "nikikaa kungoja mechi na kile kijiti kinazunguka-zunguka, naona kama nimeibiwa." Mke akajibu kwa sauti ya chini, "Na mimi nina usiku 2 pia. Ni hizo hizo."

Sikuwa na la kusema kwa muda. Ninyi mlio na mwenzi kila jioni, huenda hamjui uzito wa hesabu hii. Katika mji wetu kuna madereva, kuna wauguzi wa zamu, kuna askari, na kuna wanariadha wanaokaa kambini miezi. Usiku 2 kwa juma ni kama 100 kwa mwaka. Kila kitu kinachoingia sebuleni kinaingia katika hizo 100.

Kulikuwa na kisa kingine kilichoongeza maumivu. Alipokifunga kijiti kipya, mume aliitengenezea kila mtu profaili yake: ya baba, ya mama, na ya kila mtoto. Alifanya kwa upendo. Alidhani amempa mkewe zawadi, kwamba asisumbuliwe tena na orodha ya mpira. Kila runinga ikiwashwa na filamu zikifunguliwa, swali linatokea kwenye kioo: nani anatazama? Nawe unachagua jina lako. Mke aliniambia kwamba siku ya kwanza alilisoma swali hilo akashindwa kulijibu, kwa maana walikuwa wamekaa wote wanne.

Zamani nyumba ilikuwa na kioo kimoja na chaneli tatu au nne. Tuligombana, mmoja akitaka habari, mwingine mchezo wa kuigiza. Sitaki kuusifu ugomvi ule. Wengine walilala wamenuniana kwa sababu ya rimoti. Lakini ndani yake ulilazimika kujua mwenzako anapenda nini, na mara nyingine ulikaa ukatazama kitu chake mpaka kikaanza kukupendeza. Mimi nilianza kupenda tamthilia za Nollywood kwa njia hiyo, na mke wangu leo anajua mashindano ya mbio kunishinda. Chombo cha sasa hufanya kinyume. Hujifunza unachopenda, kikakuletea kingine cha aina hiyo hiyo, na kingine, na kipindi kikiisha kinachofuata huanza chenyewe kabla hujanyanyuka. Hukupa wewe mwenyewe, mara nyingi. Ndoa kwa upande wake hukupa mtu ambaye si wewe, naye ana ladha zake, na hana kitufe cha kumruka.

Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika ujumbe wa Siku ya Upashanaji Habari mwaka 1994 kuhusu televisheni na familia. Wakati ule vijiti hivi havikuwako. Hata hivyo alionya kwamba runinga, hata ikiwa na vipindi visivyo na ubaya wowote, inaweza kuwatenga watu wa nyumba moja, kila mmoja katika ulimwengu wake, na akakumbusha kwamba mara nyingine njia ifaayo ni kuizima tu, kwa sababu kuna jambo bora la kufanya au kwa kumjali mwingine aliye pale. Sikumbuki kama alisoma mtu yeyote kwetu. Lakini nawaomba muone alivyosema "hata isiyo na ubaya". Wengi wetu tukiwaza hatari ya runinga tunawaza uchafu, tunaweka namba ya siri ili watoto wasifungue, tunaridhika. Mtoto aliyefungiwa uchafu bado anaweza kuwa peke yake.

Nisisahau kusema kwamba kutazama pamoja bado kunawezekana, na kwa furaha kubwa. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokuwa akikimbia kule Vienna, umati ulisimama hapa Eldoret mbele ya kioo kikubwa. Alipomaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, watu wasiojuana walikumbatiana. Hakuna aliyeulizwa profaili yake.

Kuna mambo mawili madogo ambayo nitayapita haraka. La kwanza, yule baba aliniambia kwamba rafiki yake alimpa wazo la kununua kile kisanduku cha bei rahisi kinachofungua chaneli zote za kulipia bila kulipa. Alikataa, na nilimpongeza. Mpira na filamu ni jasho la watu kama mzigo wa lori ulivyo jasho lake. Tena Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwamba visanduku vya aina hiyo visivyo na jina vimekutwa na programu za wizi ndani yake, na wataalamu wa usalama walihesabu zaidi ya milioni 1 vilivyoambukizwa. Unamkaribisha mgeni sebuleni usiyejua amebeba nini kotini.

La pili ni ndugu wa Moiben. Mume aliona fahari kumpa kile cha zamani. Lakini ndugu huyo hana intaneti ya waya. Anatumia bando la simu. Mechi moja ya HD ni zaidi ya GB 4. Alimpa nduguye kitu kinachokwama, na kinachokula pesa kila kinapowashwa, na adabu ikamzuia nduguye kukataa. Sisi wengi hutoa hivyo: tunatafuta pa kuweka kilichotuchosha, kisha tunapaita hapo ukarimu. Afadhali angeuliza kwanza.

Tulirudiana baada ya majuma matatu, mimi na wale wawili, nyumbani kwao. Kijiti bado kipo. Duka halipokei kilichofunguliwa, na mke mwenyewe hakutaka kirudishwe. Wamekubaliana kwamba Jumanne na Jumamosi runinga ibaki imezimwa mpaka vyombo vya chakula vioshwe, na mume ndiye anayevikausha. Jumamosi iliyopita walishindwa, kwa sababu mechi ilianza mapema. Mke alikaa naye akaitazama yote, akamwuliza maswali mengi mno.

Zile profaili nne wamezifuta, ikabaki moja. Mume anacheka akinionyesha orodha inayotokea: mpira, harusi za Lagos, katuni za watoto, kisha mafundisho ya kuoka keki. Anasema kijiti kimechanganyikiwa, hakijui tena nyumba hii ni ya mtu gani. Ndugu wa Moiben amepigiwa simu, na imebainika kwamba kile cha zamani hakijatoka kwenye mfuko wake wa plastiki. Ila lile la viti vya sebuleni bado hawajalimaliza. Mama anataka rangi ya damu ya mzee, baba anasema itaonyesha vumbi.